Tovuti ya Nasaba Inapobadilishwa Sura: Mwongozo Kamili wa Kuulinda Utafiti wa Ukoo Wako

Anayefuatilia nasaba ya ukoo wake mtandaoni hujikuta, mapema au baadaye, amefungua tovuti aliyoizoea na kukuta kila kitu kimehamishwa. Fomu ya utafutaji iliyokuwa na visanduku vingi imebaki na viwili, orodha iliyobanana majina sasa ni kadi chache zenye picha kubwa, na kitufe cha vyanzo kimefichwa ndani ya menyu ambayo nayo imefichwa ndani ya menyu nyingine. Hakuna aliyemuuliza, na barua pepe ya kampuni inampongeza kwa kupata huduma bora zaidi.

Malalamiko ya namna hii yana historia. Findmypast, tovuti ya nasaba ya Uingereza, iliwakera wateja wake wengi mwaka 2014 ilipohamia mfumo mpya wa utafutaji. Mwaka uliofuata Ancestry, kampuni kubwa ya nasaba ya Marekani, ilizindua sura mpya, ikaziacha sura mbili zikae pamoja kwa miezi kadhaa, kisha ikaizima ya zamani tarehe 15 Desemba 2015. Kilichowaudhi wengi hapo kilikuwa ukurasa wa masimulizi, ambamo kompyuta ilizichukua tarehe za marehemu, ikaziunga kuwa hadithi ya maisha yake, na kupachika matukio ya kihistoria ambayo pengine hayakumgusa kabisa. Novemba 2017 ikawa zamu ya Find a Grave, tovuti ya makaburi iliyoanzishwa na Jim Tipton mwaka 1995 na kununuliwa na Ancestry mwaka 2013. Sababu hazifanani sana na zile zinazotangazwa: watumiaji wamehamia kwenye simu, programu za zamani zimekuwa ghali kuzitunza, na wamiliki wanaotaka biashara ikue humfikiria zaidi mgeni anayeanza leo kuliko mkongwe ambaye tayari analipa. Ancestry yenyewe imepita mikononi mwa kampuni za uwekezaji zaidi ya moja, ikiwamo Permira mwaka 2012 na Blackstone mwaka 2020, na kila mwenye mali huja na hesabu zake.

Mtafiti hana kura katika maamuzi hayo. Analoweza kuliamua ni mahali utafiti wake unapokaa, na mwongozo huu wote unasimama juu ya jambo hilo moja: tovuti itumike kutafutia, lakini mti wa ukoo wenyewe, pamoja na ushahidi wake, ukae nyumbani kwa mwenye ukoo.

Hatua ya kwanza: tambua ni badiliko la aina gani

Watu huchanganya mambo matatu tofauti kwa sababu hutokea siku moja. La kwanza ni badiliko la sura, yaani rangi, vitufe na mpangilio. Hili linaudhi, lakini halipotezi kitu. La pili ni badiliko la anwani, ambapo ukurasa upo bado ila kiungo ulichokihifadhi hakifunguki. La tatu ni kuondolewa kwa maudhui, na hili ndilo la kuogopa.

Mifano ya aina ya tatu ipo ya kutosha. Tarehe 5 Septemba 2014 Ancestry ilifunga huduma zake kadhaa kwa pamoja, ikiwamo MyFamily, ambako familia zilikuwa zimeweka picha na mazungumzo yao kwa miaka mingi. Desemba 2017 RootsWeb, mojawapo ya tovuti kongwe kabisa za nasaba, ilizimwa ghafla baada ya kugundulika kuwa faili lenye taarifa za watumiaji lilikuwa wazi kwenye intaneti, na sehemu zake zikarudishwa kidogo kidogo. Mwaka 2020 Ancestry iliondoa kwenye orodha za vinasaba jamaa wa mbali waliolingana na mteja kwa chini ya sentimogani 8, kipimo cha kiasi cha vinasaba ambacho watu wawili wanashiriki. Katika tukio hili la mwisho kuna funzo la kiutendaji: jamaa ambaye mteja alikuwa amemwandikia ujumbe, amemwekea dokezo au amemtia kwenye kundi hakuondolewa. Waliokuwa na desturi ya kuandika hata maneno matatu ya dokezo kando ya kila jina walibaki na majina hayo.

Kwa hiyo tangazo la mabadiliko likifika, lisome lote hadi mwisho, hata kama limejaa maneno ya kujisifu, na utafute ndani yake maneno yanayohusu kusitishwa, kufungwa au kubaki kwa kusomwa tu. Ukiyaona, anza hatua ya pili siku hiyohiyo.

Hatua ya pili: pakua mti wako wote

Mfumo unaotumiwa na karibu programu na tovuti zote za nasaba kubadilishana miti unaitwa GEDCOM. Ulibuniwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho katika miaka ya 1980, na toleo linalokutikana mara nyingi hadi leo ni 5.5.1, ingawa toleo la 7.0 lilitolewa mwaka 2021. Faili lake ni maandishi matupu, na hii ndiyo nguvu yake, kwa kuwa unaweza kulifungua kwa programu yoyote ya kawaida ya kuandikia na kulisoma kwa macho yako. Mtu mmoja wa kubuni angeonekana hivi:

0 @I14@ INDI
1 NAME Bakari bin Omari //
1 SEX M
1 BIRT
2 DATE ABT 1921
2 PLAC Pangani, Tanga, Tanganyika
2 NOTE Kwa kauli ya dada yake
1 FAMC @F3@

Namba ya mwanzo wa mstari huonyesha ngazi, yaani mstari wenye 2 uko chini ya ule wenye 1 uliotangulia. ABT maana yake ni takriban. FAMC inaelekeza kwenye familia aliyozaliwa. Ukielewa mistari hii minane, hutatishwa tena na tovuti yoyote, kwa sababu utajua kwamba chini ya rangi na kadi zote kuna kitu chepesi namna hii.

Kwenye tovuti kubwa kitufe cha kutoa faili hili kwa kawaida kiko kwenye mipangilio ya mti, si kwenye ukurasa wa mti wenyewe, na aghalabu kinaonekana kwa mmiliki wa mti peke yake. Ikiwa mti ulianzishwa na binamu yako naye akakualika tu, mwombe yeye akutolee. Kwenye FamilySearch, tovuti ya nasaba ya kanisa hilohilo lililobuni GEDCOM, hali ni tofauti: huduma ni ya bure, lakini mti ni mmoja kwa watu wote, na mtu usiyemjua anaweza kumbadilishia bibi yako baba usiku mmoja. Huko utahitaji programu inayounganishwa na tovuti hiyo, kama vile RootsMagic au Ancestral Quest, ili uteremshe tawi lako kwenye kompyuta. Kwa mti wenye mchanganyiko wa namna hiyo, nakala ya nyumbani ni ya lazima hata kama tovuti haitabadilishwa kamwe.

Msomaji wa Kiswahili ana mambo mawili ya kuyaangalia hapa ambayo miongozo ya Wazungu huyaruka. Jambo la kwanza ni majina. Mfumo huu ulitungwa na watu wenye jina la ukoo lisilobadilika, na jina hilo huwekwa kati ya mistari miwili ya mkwaju (/ /). Kwetu sehemu nyingi mtoto huchukua jina la baba, kwa hiyo Bakari bin Omari huzaa Saidi bin Bakari, na tovuti inayolazimisha jina la ukoo itawaona kuwa ni watu wa koo mbili. Acha nafasi ya kati ya mikwaju wazi, au weka hapo jina la ukoo mpana kama lipo na linatumika kweli, lakini chagua njia moja na uishikilie kwa watu wote, kwani sura mpya za tovuti mara nyingi hupanga watu upya kwa jina la ukoo, na mti usio na utaratibu mmoja huvurugika siku hiyo. Jambo la pili ni tarehe. Toleo la 5.5.1 linazitambua kalenda za Gregori, Julius, Wayahudi na ya Mapinduzi ya Ufaransa, lakini kalenda ya Hijria haimo. Andika mwaka wa kawaida kwa makadirio mahali pa tarehe, kisha tarehe ya Hijria iweke kwenye dokezo vilevile ilivyo kwenye karatasi au ilivyotamkwa na mzee.

Baada ya kupakua, usiliweke faili tu ukajipumzisha. Lifungue kwenye programu ya kompyuta, kwa mfano Gramps, ambayo ni ya bure, kisha uhesabu watu na uwalinganishe na idadi inayoonyeshwa na tovuti. Chagua watu watano unaowafahamu vizuri, mmoja wao akiwa aliyeoa zaidi ya mke mmoja, na uhakikishe kwamba kila mtoto ameangukia kwa mama yake. Hapo ndipo makosa ya uhamishaji hujificha.

Hatua ya tatu: chukua picha na rekodi moja moja

GEDCOM ya kawaida haibebi picha. Wengine hugundua hili baada ya kufunga akaunti, wanapokuta kwamba ndani ya faili mna viungo tu vinavyoelekeza kwenye seva ya kampuni. Picha za rekodi za serikali, kama vile kurasa za sensa na orodha za abiria wa meli, zina tatizo la ziada: kwenye tovuti za kulipia, malipo yakiisha, mti hubaki lakini picha za rekodi ulizoziunganisha hufungwa. Zipakue wakati malipo yangali hai.

Kazi hii inachosha, na hakuna njia ya mkato inayoaminika kwa tovuti zote, ingawa programu za kompyuta za Family Tree Maker na RootsMagic zinaweza kuvuta mti wa Ancestry pamoja na picha zake. Anza na mstari wa wazazi wako na wazazi wao, kisha panda. Kila picha ipe jina linaloeleweka bila kuifungua: mwaka kwanza, kisha aina ya rekodi, kisha mtu na mahali, kwa mfano 1911_sensa_jina_Liverpool. Mwaka ukitangulia, kompyuta itazipanga picha kwa wakati bila wewe kufanya lolote.

Vitu ambavyo havimo kwenye GEDCOM wala kwenye picha ni ujumbe ulioandikiana na jamaa, madokezo kando ya jamaa wa vinasaba, na maoni chini ya picha. Vinakili na kuvibandika kwenye faili la maandishi. Mara nyingi ndani ya ujumbe wa aina hiyo ndimo lilimo jibu la swali ambalo nyaraka hazikulijibu.

Hatua ya nne: andika marejeo yasiyoitegemea tovuti

Hii ndiyo hatua inayotenganisha mtafiti na mkusanyaji, na ningemshauri mwenye muda mchache aipe nusu ya muda wake. Kiungo cha tovuti si chanzo. Chanzo ni waraka, na waraka una anwani yake katika hifadhi iliyoutunza, anwani ambayo ilikuwapo kabla ya intaneti na haitabadilika kwa sababu mbunifu wa rangi ameajiriwa.

Chukua sensa za Uingereza na Wales. Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, London, imezipa alama: sensa ya 1881 ni RG 11, ya 1891 ni RG 12, ya 1901 ni RG 13, ya 1911 ni RG 14, na ya 1921, iliyofunguliwa kwa umma Januari 2022 kupitia Findmypast, ni RG 15. Ukiandika RG 12 pamoja na namba ya kitabu, namba ya karatasi na namba ya ukurasa, utaikuta familia ileile kwenye tovuti yoyote yenye sensa hiyo, na hata kwenye filamu ya zamani yenye picha za kurasa hizo kama tovuti zote zimelala. Sensa za Marekani nazo zina namba za filamu, kama T625 kwa mwaka 1920, T626 kwa 1930 na T627 kwa 1940, zikifuatwa na jimbo, kaunti, eneo la mwandikishaji, karatasi na mstari.

Tovuti zenyewe zina alama za kudumu na alama za kupita. Kwenye Find a Grave, namba ya kumbukumbu ya marehemu ilibaki ileile hata anwani ya ukurasa ilipoandikwa upya mwaka 2017. Aliyekuwa na namba hakupoteza kitu, aliyekuwa na kiungo kirefu ilimbidi atafute. Kwenye FamilySearch, rekodi nyingi zina anwani inayoanza na ark:/61903, iliyowekwa makusudi ili idumu, na seti za picha zina namba zake, nazo ndizo za kunakili, si kile kiungo kirefu kilichojaa maneno ya utafutaji wako.

Kwa kila chanzo, basi, andika mambo manne: waraka ni nini, hifadhi gani inautunza na kwa alama gani, mahali pake ndani ya kitabu au filamu, na tovuti uliyoutazamia pamoja na tarehe. Tovuti inakuja mwisho. Kwa maelezo ya wazee utaratibu ni huohuo: nani alisema, ana uhusiano gani na anayezungumziwa, wapi, lini, na sauti iliyorekodiwa imehifadhiwa kwa jina gani.

Hatua ya tano: ijifunze tovuti mpya kwa saa moja, kisha izunguke

Usianze kazi halisi siku ya kwanza. Chukua mtu ambaye tayari unazo rekodi zake zote, umtafute kwenye sura mpya, na uone ni rekodi zipi zinajitokeza na zipi zimefichika. Ukishindwa kuipata rekodi unayojua kwamba ipo, umegundua kasoro ya utafutaji mpya bila kudhani kwamba babu hakuwahi kuandikishwa.

Utafutaji mpana wa ukurasa wa mbele ndio unaobadilishwa mara kwa mara na ndio unaoleta takataka nyingi. Nenda kwenye katalogi, chagua mkusanyo mmoja, utumie fomu ya mkusanyo huo, na uiwekee alamisho kwenye kivinjari. Kesho utaingia moja kwa moja bila kupitia ukumbi wao. Tumia pia alama za kujaza herufi, ambazo tovuti kubwa bado zinazipokea: nyota kwa herufi zozote, alama ya kuuliza kwa herufi moja. M?h*m*d itakuletea Mohamed, Mohammed na Muhammad kwa mara moja, na itakuletea Mahmoud pia, ambaye hukumwomba. Kwa majina ya Kiafrika yaliyoandikwa na makarani wa kigeni, alama hizi zina faida kuliko kitufe chochote kipya.

Pale ambapo fomu ya tovuti haikubaliki kabisa, wapo waliotengeneza mlango mwingine. Hifadhidata ya abiria wa Ellis Island, kituo cha zamani cha kupokelea wahamiaji huko New York, ilipofunguliwa mwaka 2001, fomu yake ya utafutaji ilikuwa finyu mno, na Stephen Morse, mhandisi aliyesanifu prosesa ya Intel 8086, akaandika fomu yake mwenyewe iliyouliza hifadhidata ileile maswali mengi zaidi kwa mara moja. Kurasa zake zimekua tangu hapo na bado hutumiwa bure, hasa kwa meli za New York na kwa sensa za Marekani.

Hatua ya sita: viungo vilivyokufa

Nakili anwani ya zamani uibandike kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo ina nakala za kurasa tangu mwaka 1996. Itakusaidia kwa kurasa za wazi, kama vile historia za koo zilizoandikwa na watu binafsi. Haitakusaidia kwa kurasa zinazohitaji kuingia kwa neno la siri, wala kwa majibu ya utafutaji. Ukurasa wa wazi unaoutegemea leo unaweza kuuwekesha humo mwenyewe kwa kubandika anwani yake, na ni vyema ufanye hivyo kabla mwenye ukurasa hajaacha kulipia.

Hatua ya saba: lalamika kwa namna inayosikika

Malalamiko yanaweza kufanikiwa. Desemba 2015 Ancestry ilitangaza kwamba itaacha kuuza Family Tree Maker. Kelele za wateja zilikuwa kubwa, na Februari 2016 ikatangaza kwamba kampuni ya Software MacKiev itaichukua programu hiyo na kuiendeleza. Sura mpya zenyewe ni nadra kurudishwa nyuma, lakini kazi mahususi iliyoharibika huweza kurudishwa, hasa katika kipindi ambacho sura zote mbili zinafanya kazi.

Andika jambo moja katika ujumbe mmoja. Usiseme kwamba tovuti imekuwa mbaya. Sema kwamba zamani uliweza kupanga matokeo kwa mwaka wa kuzaliwa na sasa huwezi, taja mkusanyo, kivinjari na kifaa unachotumia, na uambatishe picha ya skrini baada ya kuyafuta majina ya walio hai. Mwenye kusoma ujumbe huo ni mtumishi ambaye hakuamua lolote, naye huweza kuupeleka mbele ikiwa tu unaeleweka bila kuulizwa tena.

Hatua ya nane: ukiamua kuhama

Fuata mpangilio huu bila kuuruka. Kwanza fanya hatua ya pili hadi ya nne kwa ukamilifu. Kisha weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, kwa ndugu unayemwamini, na ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni isiyo ya kampuni ya nasaba. Pandisha mti kwenye tovuti mpya ukiwa umewaficha watu walio hai, na kama hujawaomba ruhusa, usiwapandishe kabisa. Wajulishe jamaa mliokuwa mkiwasiliana ndani ya tovuti ya zamani na uwape anwani yako ya barua pepe, kwa kuwa akaunti ikifungwa hawatakuwa na njia ya kukufikia.

Ikiwa ulipima vinasaba huko, pakua pia faili ghafi la matokeo, na usibonyeze kitufe cha kufuta kabla hujalifungua na kuona kwamba halijakatika katikati. Mti unaweza kuupandisha tena wakati wowote. Matokeo ya vinasaba yaliyofutwa hayarudi, na atakayeyataka tena itambidi anunue kipimo kipya na kutoa mate upya, jambo ambalo kwa mzazi aliyekwisha kufariki haliwezekani.